Kigingi Mbele ya Choo cha Ogeto

Nianze na upumbavu wenyewe, maana nikianza na mengine nitaonekana mwerevu na si kweli. Siku moja ya Sabato, watu wote wa kilima chetu wakiwa kanisani, mimi niliyebaki nyumbani kwa ajili ya tumbo ambalo halikuwa linauma niling'oa vigingi vya serikali nikavipanda mahali pengine. Vilikuwa vigingi vya mti, vichwa vyake vimepakwa chokaa, na bwana shamba alikuwa amevipiga wiki hiyo kuonyesha mahali ambapo watu kama sisi tungekatwa na kutupwa. Aliviacha bila mlinzi kwa sababu alijua desturi: siku ya Sabato kwetu hakuna mkono unaoinuka kufanya kazi, hata kumkamata kuku. Mimi niliinua yote miwili. Nikavipitisha katikati ya migomba ya Ogeto, ndugu yake Chifu, vikapita ubavuni mwa jiko la mkewe, na cha mwisho nikakigonga kwa jiwe mbele ya mlango wa choo chake, karibu sana, hivi kwamba anayetaka kuingia lazima ainue mguu kama jogoo anayevuka matope. Kisha nikakaa chini nikacheka mpaka tumbo likaanza kuuma kweli.

Nisingeandika haya kama si mazishi. Likizo iliyopita nilirudi kutoka shule ya bweni nikakuta jirani yetu Barongo amekufa, kifua kimemshinda hatimaye, na kaburi linachimbwa kando ya nyumba yake kama inavyopasa. Nilishika jembe nikachimba na wengine. Mpaka hapo sikuwa na neno. Lakini walipomaliza maombi akasimama Chifu, yule yule, sasa ana miwani na kitambi kimeongezeka, akaweka mkono kifuani akasema, "Huyu alikuwa rafiki yangu. Tulitaniana sana mimi na yeye. Nyinyi vijana hamjui, lakini Barongo aliwahi kuhamisha vigingi vya serikali akaviweka mbele ya choo cha ndugu yangu!" Watu wakacheka. Hata Ogeto akacheka, na choo kilikuwa chake. Chifu akapanguza machozi ya kicheko, akaketi, akaletewa sahani iliyojaa nyama, mfupa wa uboho juu. Nilimtazama akinyonya ule mfupa nikahisi damu inanichemka mpaka masikioni. Barongo hakuhamisha kigingi hata kimoja maishani mwake. Na wala hawakutaniana. Utani ule ulikuwa wangu, na ndio utani bora niliowahi kufanya. Huyu mtu alitaka ardhi yetu, alitaka wimbi letu shambani, alimpeleka Barongo akalale kwenye sakafu ya saruji ya jela mpaka mapafu yakaoza, na sasa amechukua hata mzaha wenyewe anaula pamoja na nyama ya matanga.

Basi sikilizeni ilivyokuwa. Kwa Kigusii, mtu aliyekuja kuishi katika ardhi ya ukoo usio wake huitwa omomenyi, mkaaji, na wakiwa wengi ni abamenyi. Kilima chetu kizima kilikuwa cha abamenyi. Wazee wa ukoo wenye ardhi waliwakaribisha wakati pale palipokuwa vichaka na fisi, kila aliyefika akatoa mbuzi na pombe, akaonyeshwa mahali pa kufyeka. Hakuna aliyewaita wageni walipokuwa wakifyeka. Hakuna aliyewaita wageni wakati fisi walipokuwa wakichukua mbuzi wao. Ugeni wao ulianza ghafla kama mafua, mwaka ule serikali ilipokubali kahawa ipandwe upande wetu na Chifu akagundua kwamba udongo wa kilima chetu ni mwekundu na mzuri. Akaitisha baraza. Akasema kilima kitapimwa, na watakaokuwa chini ya mstari wa vigingi wahame kabla ya mavuno. Kabla ya mavuno! Wimbi lilikuwa limefika magotini.

Mama alisimama katika baraza lile. Mama si mtu wa kusimama. Hata kanisani huimba akiwa amekaa. Akasema, "Chifu, mimi mgeni? Mume wangu amezikwa pale nyuma ya ghala. Mgeni gani huachiwa kaburi alitunze?"

"Keti, mama," Chifu akasema. "Kaburi halilipi kodi."

Askari wake wakacheka. Mama akaketi. Sijawahi kuusahau mgongo wake ulivyokuwa wakati anaketi, ulivyonyooka, kama mtu aliyebeba mtungi kichwani na hataki tone limwagike. Mimi nilikuwa na umri wa kuota chunusi na kuamini kwamba kila kitu duniani kinaweza kutibiwa kwa kumcheka mwenye nacho. Jioni ile nikawaigizia watoto wa jirani Chifu anavyotembea, tumbo mbele, matako yakifuata baadaye kama ndama asiyetaka kuchinjwa. Wakacheka sana. Mama alipita na kuni zake bila kunitazama.

Chama kilikuwa kimeanza kabla ya hapo, lakini baada ya baraza ndipo kikapata meno. Tulikiita tu Chama cha Abamenyi. Mwenyekiti alikuwa Barongo, ingawa nyumbani kwake kiti kilikuwa kimoja na mkewe Kerubo ndiye aliyekikalia. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika mashamba ya chai ya wazungu, akarudi na koti la kaki lenye mfuko mmoja, Kiswahili cha kufokea watu, na tabia ya kugombana hata na mvua. Hakupendeka kirahisi. Alikuwa na sauti ya kuimba ambayo ingeweza kumfukuza fisi. Mimi alinipa jina la Redio. "Redio," alikuwa akiniambia, "utazimwa lini?" Nami najibu, "Betri ni mpya, mwenyekiti." Hapo hunirushia bonge la udongo, na hulenga vizuri.

Tatizo la chama lilikuwa hili: siku zile watu hawakuruhusiwa kukutana. Kule kwa Wakikuyu kulikuwa na vita vya msituni, na serikali ikawa inaogopa kila mahali watu wanapoketi pamoja. Ukitaka mkutano, uombe kibali kwa Chifu. Sasa tungemwombaje Chifu kibali cha kumsema Chifu? Barongo akapata njia, na njia ilikuwa mbele ya macho ya kila mtu. Kwetu kuna egesangio, kundi la palizi: leo mnapalilia shamba la mmoja, Jumanne la mwingine, mpaka mnazunguka wote. Palizi ya wimbi ni kazi ya wanawake na vijana. Mnainama kwa mstari mmoja, bega kwa bega, mnasonga mbele pamoja kama ukuta. Barongo, mwanamume mzima mwenye koti la kaki, akaja akainama katikati ya mstari. Wanaume wa ukoo wenye ardhi wakamcheka njiani, wakamuuliza kama amenunua na marinda. Akawatukana vizuri akaendelea kung'oa magugu. Ikawa ndio mkutano. Alisema neno, nalo likapita kulia na kushoto, mdomo kwa mdomo, bila mtu kuinua kichwa. Na kura ilipigwa kwa magugu: anayekubali anatupa mbele, anayekataa anatupa nyuma. Askari wa Chifu alikaa juu ya jiwe siku nzima akitulinda, akaona wanawake wanapalilia. Mara moja nilimwona akisinzia huku mbele yake magugu yakiruka yote kwenda mbele, na uamuzi umepita kwamba abamenyi wamwite DC, yule mzungu mkuu wa wilaya, aje mwenyewe.

Kazi yangu katika chama ilikuwa kuanzisha nyimbo, ili askari asisikie maneno. Nilizitunga mwenyewe. Moja ilimhusu bwana mmoja aliyemeza kilima, akashindwa kukitoa. Hakutajwa jina. Wanawake waliipenda mno hata wakaiimba mtoni.

Ndipo bwana shamba akaja na kamba na vigingi vyake. Alianza vizuri kwenye chemchemi, akapanda juu moja kwa moja kama mtu mwaminifu, kisha alipokaribia migomba ya Ogeto mstari ukaingiwa na wazimu. Ukapinda kushoto, ukaizunguka migomba kwa heshima kama unaogopa kuikanyaga, ukashuka, ukameza nyumba ya Barongo, nyumba yetu na za wajane wawili, ghala, kaburi na kila kitu, halafu ukarudi juu ukaendelea kunyooka kana kwamba hakuna lililotokea. Hata kipofu angeupapasa akajua umepinda kwa sababu gani. Na bado Chifu alitutangazia kwamba hiyo ndiyo sayansi ya kilimo.

Ijumaa chama kilikula kwa Kerubo. Nalikumbuka lile jiko kuliko darasa lolote nililokaa. Moshi uliotundikwa darini kama blanketi kuukuu, ugali wa wimbi umerundikwa kwenye ekee, kile kikapu chetu cha kusuka, na chinsaga, ile mboga yetu chungu, iliyochemshwa tangu asubuhi kwa maziwa mpaka uchungu wake ukalegea. Wakubwa walikaa ndani. Sisi wadogo tulikuwa nje na sahani yetu, nami bila shaka nilikuwa nawaigizia wenzangu, mara Chifu, mara bwana shamba akivuta kamba. Humo ndani Barongo alikuwa akisema jambo lililokuwa moyo wa mpango wote. Mama aliniambia baadaye sana maneno yake: "DC anakuja Jumatatu. Hatutalia, hatutapiga kelele. Tutakuwa kwenye palizi. Tutamwambia afuate vigingi kwa miguu yake, basi. Mstari wenyewe utasema. Kwa hiyo vigingi visiguswe. Mtoto asivikalie, mbuzi asijikune navyo. Mmesikia?" Wakasema wamesikia. Mimi sikusikia kwa sababu nilikuwa nasikiliza ninavyochekwa.

Sasa mnaelewa ukubwa wa nilichofanya siku iliyofuata. Chifu mwenyewe alikuwa ametupigia ushahidi wetu ardhini, akaupaka na chokaa uonekane. Mimi nikaung'oa nikaupeleka chooni.

Jumapili asubuhi Ogeto alitoka na mahitaji yake akakuta kigingi. Alipiga kelele tukamsikia ng'ambo. Lakini hakukigusa! Kugusa kigingi cha serikali ni kifungo, naye aliogopa kifungo kuliko aibu. Chifu hakuwapo, alikuwa amekwenda Kisii kumpokea DC. Basi Ogeto akaleta kigoda na panga akaketi akilinda vigingi visisogezwe tena na watu wabaya, na kila alipobanwa alikwenda choo cha jirani. Kwa wakati huo utani ulifanya kazi nzuri mno. Watoto walikuja kumtazama.

Barongo hakucheka. Aliingia kwa Kerubo, watu wakaja mmoja mmoja, na hatukuweza kuvirudisha kwa sababu ya Ogeto na panga lake. Akauliza, "Nani?" Macho yote yakanigeukia polepole, maana kilima kizima kilijua ni tumbo la nani lililoumwa siku ya Sabato. Barongo akanitazama. Nilingoja bonge la udongo. Akasema tu, "Redio," kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwita mgonjwa. Mama alikuwa ameketi kando ya mafiga. Akainuka akatoka nje. Tangu saa ile hakunisemesha. Chakula aliniwekea, maji ya kuoga aliniwekea, neno hakunipa.

Jumatatu tulipalilia shamba letu wenyewe, ili DC atukute pale pale tulipokuwa tunafukuzwa. Nilikuwa mwisho wa mstari na Mama kando yangu, na Barongo katikati. Alikuja DC, kijana mwembamba mwenye pua iliyobabuka kwa jua, nyuma yake Chifu na kofia yake, nyuma yake bwana shamba, nyuma yake askari. Chifu alikuwa bado anaeleza sayansi ya kilimo alipoinua macho akaona vyeupe vikipita katikati ya migomba ya ndugu yake. Alisimama kama aliyekanyaga msumari.

"Vimehamishwa!" akasema. "Bwana DC, hawa ni wezi! Mstari wangu haukupita huku!"

Barongo akanyoosha mgongo polepole, magugu mkononi. Akasema kwa kile Kiswahili chake cha mashamba ya chai, "Haukupita huku? Ulipita wapi, Chifu? Tuonyeshe."

Na mimi hapa ndipo ninapoamini kwamba hasira humpofusha mtu mkubwa kuliko kijana. Chifu akaonyesha. Alitembea mwenyewe, akapinda kushoto alipopinda mstari, akaizunguka migomba, akashuka, akaja akasimama karibu na kaburi la baba yangu, akaonyesha kwa fimbo mashimo ya vigingi moja baada ya jingine, "Hapa, na hapa, na hapa!" Ogeto akamfuata nyuma akisema, "Ndiyo, kabisa, hapo hapo!" DC aliwatazama wakizunguka. Akatazama migomba. Akatazama nyumba zetu.

"Kwa nini mstari naenda kushoto?" akauliza.

Bwana shamba akaanza kukunja kamba yake. Chifu akasema kuna jiwe. "Mimi hapana ona jiwe," DC akasema. "Mimi naona ndizi." Kisha akaamuru: hakuna mtu atakayehama, watu wavune, na baada ya mavuno kilima kipimwe upya na mtu mwingine. Magugu yaliruka mbele katika mstari mzima, bila mtu kuitisha kura.

Ningependa kumaliza hapo, tumeshinda, na kigingi changu kimetushindia kwa bahati ya wajinga. Lakini serikali ni serikali. DC akageuka akasema kigingi ni mali ya serikali hata kikiwa kimepigwa vibaya. Nani alihamisha? Chifu alikuwa amepata pa kushika tena. Akasema asipopatikana mtu, wote washikwe, na kundi hili ni mkutano bila kibali, yeye alishaujua tangu zamani. Nilinyooka. Nikafungua mdomo, nikasema, "Ni mi..."

Barongo akaanza kuimba. Wimbo wangu, ule wa bwana aliyemeza kilima, kwa ile sauti mbaya kupita zote, juu kabisa. Kerubo akaudaka, na wanawake wote wakaudaka, wakainama wakasonga mbele, na mimi nikapiga kelele katikati yao kama kifaranga kwenye ngurumo. Hakuna aliyenisikia. Mama alinishika shingo kwa mkono wenye udongo akaniinamisha chini, kichwa kikaingia kwenye wimbi. Nilipoinuka, Barongo alikuwa ametoka mstarini amevaa koti lake, anafunga vifungo.

"Mimi," alimwambia DC. "Nilichoka kuona mstari umelewa."

Wakampeleka Kisii. Alivunja mawe huko hadi wimbi likavunwa, likaanikwa, likapepetwa, na akarudi na kile kikohozi ambacho hakikumwacha tena. Mstari ulinyooshwa, tulipoteza kipande cha chini kwenye chemchemi, nyumba zikabaki, makaburi yakabaki. Aliyevuta mstari ukapinda hakuulizwa swali la pili. Alibaki Chifu, akapanda kahawa, akanunua miwani, na mwezi uliopita akasimama juu ya udongo uleule aliotaka kutunyang'anya, akamwita Barongo rafiki, watu wakampigia makofi. Nami nilikuwa na jembe mkononi, na mbele ya wazee kijana wa shule hasemi. Basi nasema hapa.

Jioni ya Jumatatu ile Mama alisonga ugali kama kawaida. Aliuweka kwenye ekee, akamimina maziwa ya mgando, akaketi upande wake wa moto. Tulisikia Kerubo akipasua kuni ng'ambo, peke yake. Siku mbili hakuwa amenisemesha, na mimi dawa ninayoijua ni moja tu. Nikasema, "Mama, lakini si Ogeto amepata choo kinacholindwa na serikali?"

Aliinamisha kichwa, akaziba mdomo kwa kitambaa. Mabega yake yakatikisika mara moja, akayazuia. Aliposhusha kitambaa kutoka mdomoni macho yalikuwa yamelowa, sijui kwa nini hasa. Alinisogezea ugali, akasema:

"Kula. Kuanzia kesho mahali pa Barongo kwenye palizi ni pako, na kuni za Kerubo ni zako, mpaka arudi. Na usinichekeshe. Bado nimekasirika."